Kitenzi "Kukaza" na Urekebishaji wa Tosheni za Pikapu: Mfano wa Gereji za Kianjai

Utangulizi

Mjadala juu ya istilahi za ufundi katika Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala juu ya nomino. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na hasa lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, swali lililotangulizwa ni lile la jina: kifaa hiki kiitweje? Orodha zilitungwa, zikajadiliwa, zikachapishwa. Vitenzi havikupata bahati hiyo. Ilichukuliwa kwamba kitenzi kimo tayari katika lugha, na kwamba aliyekwisha kupewa jina la kifaa hatakosa neno la kueleza kinachotendwa nacho.

Makala haya yanachunguza mahali pamoja ambapo dhana hiyo haisimami. Mahali penyewe ni chini ya pikapu, upande wa mbele, baina ya gurudumu na fremu. Kifaa ni chuma kimoja kirefu ambacho mafundi wa Kenya hukiita tosheni. Kitenzi ni kukaza. Itaonekana kwamba jina la kifaa, ingawa ni la mkopo na halijapata baraka za baraza lolote, halimdhuru mtu. Ilhali kitenzi, ambacho ni cha Kibantu na ambacho hakuna aliyewahi kukitilia shaka, ndicho kinachowapotosha dereva na, mara nyingine, fundi mwenyewe.

Kianjai na kazi ya pikapu

Kianjai ni soko lililo kando ya barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua, katika Tigania ya Magharibi, Kaunti ya Meru. Upande wa kaskazini mashariki ni vilima vya Nyambene, na huko ndiko kwenye mashamba ya miraa yaliyoipatia nchi hii ya Watigania na Waigembe sifa na lawama. Miraa haivumilii kuchelewa. Jani likikaa zaidi ya siku mbili tangu kuchumwa huwa limekwisha thamani, na kwa hiyo tangu zamani pikapu za njia hii zimejulikana kwa mwendo wa kasi kuelekea Nairobi na viwanja vyake vya ndege. Biashara hiyo imepata misukosuko: Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na soko la Somalia lilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Lakini pikapu haikupumzika. Isipobeba miraa hubeba maharagwe, viazi, mbao, maji au watu, na aghalabu hubeba zaidi ya kipimo.

Barabara kuu ni ya lami yenye matuta mengi. Njia za kuingia mashambani ni za udongo, na huchimbika katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Mwenye pikapu ambayo tumbo lake linakwaruza kwenye matuta na kwenye mikondo ya magurudumu hataki mengi: anataka gari lake lipande. Akifika gereji husema, "Fundi, nikazie tosheni." Na fundi hulala kifudifudi, au chali, kulingana na mahali bolti ilipo.

Lugha zinazotumika katika tukio hilo ni tatu. Nyumbani fundi husema Kimeru, kwa lahaja ya Kitigania. Gereji husema Kiswahili, maana dereva aweza kuwa Mwembu, Mborana wa Isiolo, Msomali au Mkikuyu. Kitabu cha gari, kama kipo, ni cha Kiingereza. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya mwaka 1985, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo umakanika ungali unafundishwa vyuoni kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipo Nchiru, kwenye barabara iyo hiyo ya kwenda Maua, na mwanafunzi wa uhandisi anayepita Kianjai kwa matatu hupita baina ya namna mbili za kukisema kitu kimoja bila ya kujua kwamba amepita.

Tosheni ni nini

Gari lolote lahitaji kitu cha kunyumbuka baina ya gurudumu na mwili wake. Katika malori mengi kitu hicho ni springi ya bapa, yaani vyuma virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Katika magari mengi madogo ni springi ya koili. Tosheni ni jibu la tatu, nalo kwa sura ndilo jepesi kuliko yote: ni chuma cha mviringo kilichonyooka, chenye urefu wa mita moja hivi, kilicholala chini ya gari sambamba na fremu. Ncha yake ya mbele imeshikana na mkono wa gurudumu. Ncha ya nyuma imeshikwa na fremu isizunguke. Gurudumu linapopanda juu ya jiwe, mkono huinuka na kuizungusha ncha ya mbele, ya nyuma hukataa, chuma husokoteka. Jiwe likipitwa, chuma hujisokotoa na kulirudisha gurudumu chini.

Jambo hili si geni. Ferdinand Porsche aliliombea hataza mwaka 1931, Citroën ikalitumia katika gari lake la mwaka 1934, Morris Minor ikafuata mwaka 1948. Wakenya walilijua kupitia Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo tosheni zake zilifichwa ndani ya bomba zikilala kwa upana wa gari. Gari hilo lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye njia ambazo hazikuwa bora kuliko hizi za Tigania. Siku hizi tosheni hupatikana zaidi katika pikapu za Kijapani za miaka iliyopita: Nissan za D21 na D22, Isuzu TFR zilizoundwa Nairobi, baadhi ya Hilux za kabla ya 2005, Mitsubishi L200 za zamani zenye kuvuta kwa magurudumu manne. Matatu za Toyota HiAce nazo zinazo. Hizi ndizo gari ambazo gereji ya Kianjai huishi kwazo. (Probox, ambayo siku hizi ndiyo farasi wa wilaya nzima, haina kifaa hiki mbele, na fundi mwenye mzaha huweza kumpoteza mteja wa Probox kwa nusu saa akitafuta bolti isiyokuwapo.)

Ugumu wa tosheni, yaani nguvu inayohitajiwa kuisokota kwa digrii moja, hutegemea vitu vitatu tu: aina ya chuma, urefu wake, na unene wake. Chuma cha pua cha aina zote hukaribiana katika jambo hili. Urefu hufanya kazi kwa uwiano wa kawaida: tosheni ikiwa fupi kwa nusu, ugumu huwa maradufu. Unene ndio wenye miujiza, kwa kuwa ugumu huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Tosheni ya milimita 26 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 24; ni ngumu zaidi kwa takribani asilimia 38, ingawa mkononi hazitofautiki sana.

Msomaji na auangalie vizuri ufupi wa orodha hiyo. Chuma, urefu, unene. Bolti haimo.

Bolti hufanya nini

Ncha ya nyuma ya tosheni haikupigiliwa moja kwa moja katika fremu. Imevikwa kijimkono kifupi chenye meno ndani, na kijimkono hicho huegemea bolti ndefu. Bolti ikizungushwa, kijimkono husogea. Kijimkono kikisogea, tosheni nzima huzunguka kidogo pamoja na mkono wa gurudumu ulio upande wa pili. Mkono husukumwa chini. Kwa kuwa gurudumu haliwezi kuingia ardhini, mwili wa gari ndio unaokwenda juu.

Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa jambo. Chukulia bolti ambayo kila mzunguko mmoja huisogeza milimita 1.5, kijimkono cha sentimita 7 na mkono wa gurudumu wa sentimita 35. Mkono wa gurudumu ni mrefu mara tano, kwa hiyo kila mzunguko wa bolti huinua gari milimita 7 na nusu. Mizunguko minne ni sentimita tatu. Hiyo ndiyo sababu fundi mzoefu huhesabu kwa nusu raundi, na anayejifunza huhesabu kwa raundi nzima.

Sasa tufike penye shida. Fundi ameshika spana, bolti ni nzito kugeuka, misuli inamtoka. Hapana shaka kwamba anakaza. Anakaza bolti. Dereva anayemtazama husema tosheni inakazwa, na baada ya kazi husema tosheni imekazwa, na kutoka hapo ni hatua fupi mno kusema, na kuamini, kwamba tosheni sasa imekaza, yaani imekuwa ngumu na yaweza kubeba zaidi. Sivyo.

Mfano mzuri upo katika duka la nyama la pale pale sokoni. Muuza nyama ana mizani ya springi iliyotundikwa kwenye msumari, na paja la mbuzi linaning'inia kwenye ndoano. Mshale unasoma kilo 3. Akiihamisha mizani hiyo kwenye msumari ulio juu zaidi, paja litapanda, lakini mshale utaendelea kusoma kilo 3, na springi iliyo ndani haitakuwa imenyooshwa hata kwa unywele zaidi ya mwanzo. Bolti ya tosheni ni msumari. Kabla ya kugeuzwa, tosheni ilikuwa inabeba uzito wa pembe moja ya mbele ya gari. Baada ya kugeuzwa, yabeba uzito ule ule, maana gari halikuongezeka kilo. Kwa tosheni ya milimita 24 yenye urefu wa sentimita 120, mkono wa sentimita 35 na uzito wa kilo 300 juu ya gurudumu, msokoto ni wa takribani digrii 27. Bolti ikizungushwa mara nne gari likapanda sentimita tatu, msokoto utakuwa bado ni digrii 27, au tofauti yake itakuwa ndogo sana. Ugumu hautakuwa umebadilika hata kidogo, kwa sababu chuma, urefu na unene havikuguswa.

Imani inakotoka

Ni rahisi kumcheka dereva. Lakini mwanaisimu angefanya vyema kuuliza kwa nini kosa hili limekuwa la wengi, na jibu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni kamba. Pikapu ya miraa hufungwa mzigo kwa kamba, na kamba iliyolegea hukazwa kwa kijiti: kijiti hupenyezwa katikati ya nyuzi mbili, kikazungushwa, na kamba ikajisokota. Katika kamba, kusokota na kukaza ni kitendo kimoja. Kila mzunguko huipunguza urefu na kuifanya ngumu zaidi, na dereva huisikia chini ya kidole chake ikilia kama uzi wa zeze. Mtu aliyefunga mizigo namna hiyo tangu ujana, akiambiwa kwamba chini ya gari lake kuna chuma kinachosokotwa kwa bolti, atakifikiria kama kamba. Angewezaje kukifikiria vingine?

Ya pili ni kitenzi chenyewe. Kukaza ni neno lenye watoto wengi. Mtu hukaza nati, hukaza kamba, hukaza mwendo, hukaza macho, hukaza moyo. Katika matumizi yote haya limo wazo la nguvu inayoongezwa na kubaki ndani ya kitu kilichotendwa. Nati iliyokazwa imeshika. Moyo uliokazwa hauogopi. Tena kitenzi hiki hutumika pasipo mtendwa: kitu "kimekaza", yaani kimekuwa kigumu, hakina ulegevu. Kwa hiyo "fundi amekaza tosheni" na "tosheni imekaza" husimama sikioni kama sentensi mbili za tukio moja, kama vile "amevunja kijiti" na "kijiti kimevunjika". Sarufi imekwisha kutoa ahadi ambayo chuma hakiwezi kuitimiza.

Linalozidi kuikoroga hali ni kwamba dereva akiondoka gereji huhisi gari limekuwa gumu kweli. Hisia hiyo si ya uongo, ila sababu yake ni nyingine. Mkono wa gurudumu una mwisho wake juu na mwisho wake chini, na kila mwisho una kizuizi cha mpira. Gari likipandishwa, mkono hukaa karibu zaidi na mwisho wa chini. Gurudumu likitaka kuteremka shimoni hukuta halina nafasi. Mpira hugonga chuma, shokomzoba hufika mwisho wa kunyooka kwake, na kishindo humfikia dereva kwenye usukani. Dereva husema, "Sasa imekaza." Alichokihisi ni uhaba wa nafasi, akakipa jina la ugumu.

Gharama ya kosa hili si ya kinadharia. Mwenye gari aliyetaka nguvu za kubeba huondoka na kimo badala yake, kisha hupakia kana kwamba amepata nguvu. Bolti ikizidishwa, boljointi hukaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa; katika gari la kuvuta kwa magurudumu manne, viungo vya shafti za mbele hupinda kupita kiasi na mipira yake hupasuka. Magurudumu huacha kusimama sawa na matairi hulika upande mmoja. Boljointi ikitoka njiani, gurudumu hulala chini ya gari, na kwenye mteremko wa Nyambene, gari likiwa limejaa, hakuna nafasi ya kujadili istilahi.

Namna kazi inavyopasa kufanywa

Urekebishaji wenyewe ni halali, tena ni wa lazima mara nyingine. Tosheni iliyofanya kazi miaka 20 huchoka. Gari hulala mbele, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, na bolti iliwekwa na mtengenezaji kwa ajili hiyo hasa: kulirudisha gari katika kimo chake cha asili. Kosa ni kuifanya bolti ngazi ya kupandia kuliko pale.

Kwanza ni kupima. Fundi wa Kianjai hupima kwa vidole: huingiza kiganja baina ya tairi na madigadi, akasema "vinne huku, vitatu kule". Wasomi wa Kiswahili watatambua kwamba hiki ni kipimo cha wanda, ndugu wa shibiri na dhiraa, ambacho kamusi zimekiandika na shule zimekisahau. Kipimo hiki kina heshima yake, lakini kina ila moja: hutegemea tairi, na pikapu nyingi hazina matairi manne yanayolingana. Ni afadhali kupima kwa utepe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Gari liwe mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, na mzigo uwe ule wa kawaida au usiwepo kabisa, mradi fundi aandike ni upi.

Hili la mzigo lahitaji neno zaidi. Tosheni iko mbele. Mzigo uko nyuma, juu ya springi za bapa. Pikapu ikijazwa, nyuma hukaa na mbele hunyanyuka kidogo, taa zikamulika miti badala ya barabara. Dereva anayepandisha mbele gari likiwa tupu hulizidisha tatizo hilo usiku. Mafundi wazuri huuliza, kabla ya kushika spana, gari hubeba nini na hurudi na nini. Wakati mwingine jibu la tatizo ni kuongeza springi moja nyuma na kuiacha tosheni kama ilivyo.

Pili, bolti husafishwa na kutiwa mafuta, tena mapema, hata siku moja kabla. Bolti iliyokula kutu ikilazimishwa hukatika, na tosheni iliyobeba uzito haiagi kwa upole. Kijiti cha kamba kikiponyoka hupiga kiganja. Kijimkono cha tosheni kikiponyoka chaweza kuvunja mfupa. Kwa hiyo gari huinuliwa kwa jeki chini ya fremu, likaegemezwa kwenye stendi madhubuti, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Yakining'inia, msokoto mwingi hutoka na bolti hugeuka kwa urahisi. Hata hivyo fundi hakai mkabala na kijimkono.

Tatu, bolti hugeuzwa kwa nusu raundi au raundi moja, kila upande kwa hesabu inayoandikwa. Gari hushushwa, hutikiswa, husukumwa mbele na nyuma ili magurudumu yakae, ndipo hupimwa upya. Anayepima papo hapo baada ya kutoa jeki atadanganyika, kwa sababu matairi huwa bado yameshika ardhi kwa pembe isiyo yao. Upande mmoja ukipandishwa, wa pili hubadilika, na fundi hulazimika kwenda na kurudi mara mbili tatu. Sentimita mbili au tatu juu ya kimo cha asili ndio upeo wa busara kwa pikapu nyingi. Mwishowe ni alaimenti. Wateja wengi hukataa kuilipia, na matairi huja kuidai baadaye.

Vitenzi vitatu kwa mambo matatu

Katika usemi wa madereva wa njia hii limo tayari neno ambalo lingeondoa nusu ya utata, nalo ni kupandisha. Dereva asemaye "nipandishie mbele" amesema alitakalo sawasawa: ametaja matokeo, wala hakutaja njia. Asemaye "nikazie tosheni" ametaja njia ya fundi na kuyaacha matokeo yajisemee. Ajabu ni kwamba mtu yule yule huweza kuyasema yote mawili katika pumzi moja akidhani amerudia.

Lugha, basi, haina upungufu wa maneno. Kukaza kungeachwa kwa bolti na nati, ambako ni kwao. Kupandisha na kushusha kungetumika kwa kimo. Ugumu wa chuma, ambao hubadilishwa tu kwa kuondoa tosheni na kutia nyingine nene zaidi, ungesemwa kwa kuongeza ugumu au kuimarisha. Kuinua kungebaki kwa jeki, kama kulivyo sasa, maana kilichoinuliwa hurudi chini na kilichopandishwa hubaki. Kushusha kuna mzaha wake: kwa utingo wa matatu "shusha mbele" ni abiria anayetaka kuteremka kwenye kituo kijacho. Hilo halimtatizi mtu, kwa kuwa hakuna gereji inayofanya kazi gari likienda.

Kuhusu nomino, mapendekezo hayakosekani, na kila moja lina kasoro ambayo mtungaji wa mezani haioni. "Fimbo ya msokoto" yasikika vizuri darasani. Lakini msokoto mitaani ni wa tumbo au wa bangi, na katika nchi inayolaumiwa kwa miraa jina hilo halitaishi siku mbili bila kuchekwa. "Nondo ya msokoto" ni mbaya zaidi, kwa sababu kitu hicho kipo na ni kingine kabisa: ni chuma cha kujengea cha pembe nne kilichosokotwa kiwandani, nacho huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mteja akitumwa mjini Meru kununua nondo ya msokoto atarudi nayo. "Mtaimbo" ni chombo cha kuchimbia. "Ufito" hupinda. Kitenzi kusokota nacho kina tatizo la ndani: uzi uliosokotwa hubaki umesokotwa, na ndio maana ya kuusokota, chuma hiki sifa yake yote ni kurudi. Kupopotoa kuna dhana ya kuumiza. Tosheni imekwisha kuingia katika ngeli ya 9 na 10 bila kumsumbua mtu, "tosheni hii imechoka", "tosheni hizi si za gari hili", na hakuna sababu ya kuifukuza. Neno la mkopo lisilo na ukoo halibebi imani za zamani, na hapa huo ni wema wake. (Gari lenyewe, kwa wenyeji wa bara, limo pia katika ngeli ya 9: gereji husikika "gari imelala mbele", na mhariri atakayesahihisha kuwa "limelala" awe na hakika kwamba ananukuu fundi au anajinukuu mwenyewe.)

Tosheni inapofika mwisho

Hufika siku ambapo bolti imekwisha kuingia yote na gari bado limelala. Hapo hakuna kitenzi kinachosaidia. Tosheni hutolewa na nyingine hutiwa. Kabla ya kuitoa fundi huweka alama ya rangi kwenye tosheni na kwenye kijimkono, ili meno yarudi yalikokuwa, kwani jino moja tu la kosa huhamisha kimo kwa sentimita kadhaa. Huikagua pia kwa kidole: mkwaruzo au tundu la kutu ndipo ufa utakapoanzia.

Tosheni ya kushoto na ya kulia hufanana kwa macho, lakini hazibadilishani. Kila moja imezoezwa kiwandani kusokoteka upande mmoja tu, na ikisokotwa kinyume yaweza kuvunjika mapema. Watengenezaji hugonga herufi kwenye ncha: L kwa ya kushoto, R kwa ya kulia, kwa Kiingereza. Kijana anayejifunza, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la nane, huiona L na kuisoma kwa lugha anayoifanyia kazi. Katika Kiswahili kushoto na kulia huanza kwa herufi moja. Herufi inayobaki sikioni katika "kulia" ni ile L. Basi huitia kulia. Mafundi wakongwe hawazitegemei herufi hizo. Hupaka rangi nyeupe tosheni ya upande wa dereva kabla haijatolewa, na mpya hupakwa ikiwa bado mikononi mwa yule aliyekitazama kitabu.